Nyaraka za chama cha msingi cha pamba (1954–1976): tuzikabidhi vipi maktaba ya chuo kikuu?

Mwana_Magu

Wakuu, habari zenu.

Kuna matranka mawili ya bati kijijini, Wilaya ya Magu, yamejaa makaratasi ya chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Yanaanzia 1954 na kuishia 1976, mwaka ambao serikali ilivunja vyama vya ushirika. Kwa haraka haraka nimeona vitabu vinane vya mihtasari ya vikao, leja za malipo, bando za stakabadhi za mizani, barua za kwenda na kutoka VFCU (shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria) Mwanza, nakala za saiklostaili (mashine ya zamani ya kurudufu), picha kama 120 na negativu chache. Kuna pia kaseti 34 za mazungumzo na wazee, zilizorekodiwa miaka ya 1980, karibu zote kwa Kisukuma. Katibu wa zamani alishatangulia mbele za haki. Familia yake ndiyo inayoyatunza na iko tayari kuyatoa.

Tunataka yafike maktaba ya chuo kikuu watafiti wayasome, yasije yakaishia kufungia karanga. Nianzie wapi? Niyapange kwanza kwa mwaka na kwa mada? Niyaskani kabla ya kuyatoa? Na kaseti nazo vipi?

---

Mtunza_Rafu

Mkuu, usiyapange. Hilo ndilo la kwanza na ndilo watu wengi wanaloliharibu kwa nia njema.

Karatasi ya chama inasomeka vizuri ikiwa pale pale alipoiweka katibu. Chukua barua moja ya mkulima anayelalamika kuwa mizani imempunja. Ukiitoa na kuiweka kwenye fungu la "malalamiko", umebaki na lalamiko tu. Ukiiacha kwenye bando lake, nyuma yake kuna stakabadhi ya mzigo wenyewe, mbele yake kuna muhtasari wa kikao kilichomjadili, halafu nakala ya kaboni ya barua iliyopelekwa Mwanza. Sasa mtafiti anaona uamuzi ulivyofanyika hatua kwa hatua. Na mizani si jambo dogo huko kwenu: malalamiko juu ya mizani ya wanunuzi binafsi ndiyo yaliyowasukuma wakulima wa Kanda ya Ziwa kujiunga, hadi ikazaliwa VFCU mwaka 1955 chini ya Paul Bomani.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua tranka, piga picha ya juu kabla hujagusa kitu. Toa bando moja moja kuanzia juu, na kila moja uliwekee kipande cha karatasi nyeupe kilichoandikwa kwa penseli ya 2B: T1/001, T1/002, na kuendelea, tranka la pili ni T2. Usiandike kwenye nyaraka zenyewe, na wino usiutumie popote. Kwenye daftari andika namba, aina ya kitu, mwaka wa mwanzo na wa mwisho, lugha, hali yake (kavu, kimeliwa, kimelowa), na maneno yaliyoandikwa juu ya jalada kama yalivyo, hata kama yana makosa. Bando lililofungwa kwa kamba libaki bando. Likiwa limefungwa kwa mpira ulioyeyuka na kunata, kata mpira, funga kwa utepe wa pamba, basi.

Halafu kaa na familia mwandike ukurasa mmoja: nani alikuwa katibu miaka ipi, makaratasi yalihama vipi kutoka ofisi ya chama hadi nyumbani, yapi yalishapotea au kuchomwa na kwa sababu gani. Ukurasa huo una thamani kuliko skani elfu, kwa sababu maktaba haiwezi kuupata mahali pengine popote.

Kuhusu wapi: Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana, ni chaguo la kawaida. Pale ndipo zilipo nyaraka za Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika aliyekusanya mengi juu ya sheria na mila za Wasukuma, Wahaya na wengine. Pale pia kuna kazi ya wanafunzi wa historia ya 1968, walioandika simulizi za wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Mtafiti wa Usukuma anapita hapo tayari. Mkusanyo wenu utakaa jirani na vitu vinavyoukamilisha. Na angalia tofauti: Cory aliandika akiwa upande wa serikali. Vitabu vyenu vya mihtasari ni wakulima wenyewe wakijiandikia, na hivyo ndivyo vinavyokosekana zaidi.

Msiende na matranka mlangoni. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa maktaba yenye ukubwa wa mkusanyo (pima urefu kama vile vitu vimesimama kwenye rafu, sanduku la kawaida la nyaraka lina upana wa sentimita 10 hivi, kwa hiyo masanduku 10 ni mita moja), miaka, lugha, hali, ile orodha ya daftari, na picha za kurasa kumi. Maktaba hukataa mkusanyo kwa sababu tatu hivi: hakuna nafasi, umiliki haueleweki, au una ukungu na wadudu watakaoambukiza rafu nyingine. La pili na la tatu yako mikononi mwenu.

---

Chap_Chap

Karne hii mnahangaika na matranka? Skani kila kitu kwa simu, weka PDF kwenye wingu, makaratasi choma. Zile zilizochanika piga lamination, zitadumu.

---

Dada_Karatasi

@Chap_Chap lamination ni hukumu ya kifo. Plastiki inayeyushiwa kwenye karatasi kwa joto na haitoki tena, asidi inabaki ndani ikiendelea kula. Selotepu vilevile: baada ya miaka michache gundi inapenya, inaacha doa la kahawia na karatasi inakuwa rahisi kuvunjika kama kioo cha taa. Kilichochanika kiweke ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa mara mbili, fundi wa maktaba atakiunga kwa karatasi ya Kijapani na gundi ya ngano ambayo hutoka kwa maji.

@Mwana_Magu tahadhari moja ambayo haijasemwa. Haya ni makaratasi ya chama cha pamba. Enzi hizo DDT ilikuwa dawa ya kawaida ya wadudu wa pamba, na watu waliinyunyiza hata kwenye matranka ya nguo. Ukiona unga mweupe kwenye kona za tranka au katikati ya kurasa, usiupulize. Vaa barakoa ya N95 na glavu za nitrile, fungulia nje kwenye upepo, na lazima uiandikie maktaba kuwa kuna unga. Naftalini nayo usiongeze. Inadhuru negativu na inawaumiza watakaoorodhesha.

Wadudu: kama kuna vitobo vipya vyenye vumbi laini, au mende na mayai yake, gandisha. Weka bando kwenye mfuko mzito wa plastiki, kamua hewa, ziba kwa utepe mpana, tia kwenye friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, acha mfuko umefungwa saa 24 hadi upate joto la chumba. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa utageuka maji kwenye karatasi baridi na utakuwa umejitengenezea ukungu. Baridi inaua wadudu na mayai, ukungu haiui. Picha, negativu na kaseti zisiingie kwenye friza.

Ukungu ukiwa mbichi, wenye manyoya na unanata, usifute, utausugua ndani. Tandaza kivulini penye upepo hadi ukauke uwe unga, kisha fagia kwa brashi laini ukielekeza nje, umevaa barakoa. Jua kali hapana, jiki hapana. Ukungu unahitaji unyevu wa hewa wa asilimia 65 na zaidi uote, na Pwani hukaa juu ya 70 sehemu kubwa ya mwaka. Ndiyo maana mzigo uliotoka Magu ukiwa mkavu unaweza kuota ukungu ukifika Dar kama utaachwa kwenye korido. Muulize mkutubi utapokelewa kwenye chumba gani.

Sasa maji. Stakabadhi za mizani za zamani mara nyingi ziliandikwa kwa penseli ya wino, ile inayoonekana ya kijivu ikiwa kavu. Tone moja la maji au kidole chenye jasho, maandishi yanageuka zambarau na kusambaa. Kwa hiyo hakuna kitambaa chenye unyevu karibu na bando hizo, na hakuna kulamba kidole ili ufunue ukurasa. Mikono iliyonawa na kukaushwa inatosha kwa karatasi. Glavu za pamba zinakufanya usihisi ukingo na utararua. Glavu ni za picha na negativu, na zile za nitrile kwa bando zenye unga.

Pini na klipu zilizoshika kutu: usivute. Ingiza kipande cha plastiki nyembamba chini ya miguu ya pini upande wa nyuma, inyanyue miguu, kisha isukume itoke upande wa mbele. Karatasi za saiklostaili ni dhaifu kuliko zote, zina asidi nyingi na kona hukatika ukizikunja mara moja tu. Zibebe juu ya kadibodi, usizishike kwa kona.

Kurasa zilizogandana kwa sababu ya mvua ya zamani ziache zilivyo, andika tu "T2/014, kurasa zimegandana". Kisu kitatoa uso wa karatasi pamoja na maandishi.

---

Nukta400

Kuskani kabla ya kutoa ni wazo zuri, ila jua unaskani kwa ajili gani. Kama ni ili kijiji kibaki na nakala, simu inatosha. Simu ya megapikseli 12 ikijaza ukurasa wa A4 inatoa takriban nukta 340 kwa inchi. Kwa fulskepu, ambayo ndiyo mtakayokutana nayo zaidi, ni kama 300. Inasomeka. Ifunge kwenye stendi ikiangalia chini, weka kitabu chini ya dirisha lenye mwanga wa kivuli, zima flashi, tumia kitufe cha kuchelewesha sekunde 2 isitikisike. Weka rula pembeni kwenye picha ya kwanza ya kila bando.

Kama ni nakala ya kudumu, waachie maktaba: nukta 400 kwa inchi kwa maandishi, 600 na zaidi kwa picha ndogo, rangi biti 24, faili la TIFF (picha isiyopunguzwa ubora). Fanya hesabu ujue mzigo wenyewe: ukurasa mmoja wa fulskepu kwa nukta 400 ni karibu megabaiti 50. Kurasa 6,000 ni gigabaiti 300, na zinatakiwa nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja mji mwingine. @Chap_Chap hapo ndipo "wingu" linapodai bili kila mwezi, na asiyelipa anafutiwa.

Leja usiibane kwenye skana ya meza. Uti wa kitabu wa miaka ya 1950 ukiulaza nyuzi 180 unapasuka na kurasa zinaanza kutoka. Ifungue nyuzi 90 hadi 120 tu, egemeza jalada kwa mito miwili ya kitambaa, piga kurasa zote za kulia, kisha za kushoto.

Piga na migongo ya karatasi pia. Kule nyuma ndiko kuna hesabu za penseli, mihuri ya kupokelewa na majina ya waliokopa.

Majina ya faili yafuate namba za daftari: T1_001_0001.jpg. Bila nafasi, bila "picha mpya 2". Mkimaliza, tengenezeni orodha ya cheksamu za SHA-256 (namba ambayo kompyuta huikokotoa kutoka kwa kila faili, na hubadilika faili likibadilika) na muikabidhi pamoja na diski. Ndiyo njia ya uhakika ya maktaba kujua kuwa faili lililofika ni lile lile lililotoka.

---

Fundi_Kaseti

Kaseti zina haraka kuliko karatasi zote hizo. Karatasi kavu inasubiri, utepe hausubiri, na deki (mashine za kuchezea kaseti) nzima zinazidi kuadimika.

Kabla ya kucheza chochote, vunja vile vijino viwili vya plastiki kwenye ukingo wa nyuma wa kila kaseti, ili mtu asije akabonyeza rekodi kwa bahati mbaya. Tazama dirishani: utepe ukiwa na unga mweupe ni ukungu, uweke kando, usiuingize kwenye deki. Angalia kile kipedi kidogo cha sufi kinachobana utepe kwenye hedi. Kikiwa kimebanduka sauti itafifia na kupotea kila mara. Hapo unahamisha utepe na magurudumu yake kwenye kasha jipya la skrubu tano, siyo lile lililogundishwa.

Tumia deki ya mezani yenye sehemu ya kutolea sauti nyuma. Redio kaseti ya soko na waya wa hedifoni haifai. Safisha hedi na rola kwa spiriti ya isopropili na pamba ya masikio baada ya kila kaseti mbili tatu. Peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe yote mara moja, utepe ukae sawa. Kisha cheza dakika moja na uzungushe taratibu skrubu ndogo ya pembeni mwa hedi hadi herufi za "s" zisikike kali kuliko zote. Kinasa sauti cha kijijini cha miaka ya 1980 mara nyingi hedi yake ilikaa upande, na usiporekebisha utasikia wazee kama wanaongea ndani ya blanketi. Rudia kwa kila kaseti, na kwa kila upande.

Rekodi kwenye faili la WAV (sauti isiyobanwa), kilohezi 96, biti 24. Saa moja ya stereo ni gigabaiti 2 na kidogo. Zikiwa C60 (za dakika 60) zote 34, ni saa 34 za kukaa na kusikiliza na kama gigabaiti 70. Ukikosa nafasi, kilohezi 48 inakubalika na inapunguza nusu; MP3 iwe ya kusikiliza tu. Usiondoe mikwaruzo wala kelele za kuku kwenye faili la msingi.

Wakati inacheza mtu wa familia anayejua Kisukuma aandike kila baada ya dakika tano: nani anaongea, anaongelea nini, majina ya watu na mahali. Wimbo wa kulima ukianza, andika dakika na sekunde. Kwa Kiswahili inatosha, ila maneno ya Kisukuma ya vyeo, mazao na vyama vya ngoma yaacheni kama yalivyotamkwa. Kaseti isiyo na maelezo hayo itakaa kwenye rafu bila kuguswa, kwa sababu mkutubi wa Dar hana namna ya kujua iliyo na wimbo na iliyo na kikao.

---

Hati_na_Muhuri

Kwa ufupi upande wa sheria, maana ndipo makabidhiano hukwama.

Familia inatunza, haimaanishi inamiliki. Nyaraka zilikuwa za chama. Kama kuna AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao cha sasa) iliyorithi eneo hilo, ipateni iwaandikie barua ya kutokuwa na pingamizi, yenye muhuri na nakala ya muhtasari wa kikao kilichoamua. Kaseti na picha binafsi za katibu ni mali ya familia. Hizo ziwe na hati yake.

Tenganisheni kwenye orodha, si kwa mikono, jalada lolote ambalo ni la ofisi ya serikali yenyewe. Barua ya ofisi ya wilaya iliyotumwa kwa chama ni ya chama. Lakini jalada zima la ofisi ya wilaya lililopotelea trankani ni kumbukumbu ya umma chini ya Sheria Na. 3 ya 2002, na mahali pake ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina ofisi ya kanda Mwanza.

Hati ya hiba iseme: nini kinatolewa (ambatanisha orodha), kama ni moja kwa moja au ni cha kuazima, nani anaruhusiwa kusoma, kipi kifungwe na hadi mwaka gani, maktaba ifanye nini na visivyotakiwa (virudishwe, visitupwe), na kwamba kijiji kitapewa nakala ya faili zote za kidijitali. Msitoe haki msizokuwa nazo: hakimiliki ya barua ni ya aliyeiandika, maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Kwa kurasa zenye madeni, tuhuma za wizi au uchawi dhidi ya watu ambao wao au watoto wao wako hai, ombeni zifungwe kwa muda unaotajwa. "Zifungwe daima" maktaba itakataa, na ina haki.

---

Mwana_Magu

Wakuu, nashukuru sana, hasa hiyo ya DDT. Unga mweupe upo kwenye tranka la pili. Maswali mawili ya mwisho: tukikosa nafasi Dar mwaka huu, yakae wapi? Na je, tunaweza kuacha vitabu vya mihtasari kijijini tukatoa vilivyobaki?

---

Mtunza_Rafu

La pili kwanza. Mnaweza, ila mtavunja mkusanyo katikati: mihtasari ndiyo ufunguo wa barua na stakabadhi. Afadhali mtoe vyote na kuomba nakala zilizochapishwa na kujalidiwa za vile vitabu vinane zirudi kijijini, na liandikwe kwenye hati ya hiba. Ikishindikana, maktaba ipige picha vitabu hivyo na iandike kwenye mwongozo wa mkusanyo kwamba asilia ziko kwenu, na ziko kwa nani.

Kuhusu kusubiri: tranka la pili lisirudi ndani ya nyumba. Toeni yaliyomo nje kama Dada_Karatasi alivyoeleza, tranka lenyewe msilitumie tena. Bando zifungeni kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili kuondoa wanga, bila sabuni ya manukato, kisha kwenye masanduku imara ya kadibodi makavu, yasiyowahi kubeba chakula. Chumba cha ndani chenye dari, si kile kinachopakana na jiko wala chini ya bati tupu. Masanduku yakae juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani, ili njia ya mchwa ionekane kabla haijafika. Kagueni kila Jumamosi wakati wa masika na vuli, mara moja kwa mwezi kiangazi.

Barua ya kuomba iende sasa hivi, msisubiri nafasi ipatikane. Wekeni namba za simu za watu wawili wa familia, kwa sababu jibu huweza kuchukua miezi na simu ya mmoja ikizimwa faili lenu linafungwa.

---

Dada_Karatasi

Nyongeza tu: unga huo usikusanywe kwa ufagio wala usitupwe shambani. Futa tranka kwa tambara lenye maji ukiwa na glavu, tambara na glavu viingie mfuko mmoja, na mwulize bwana afya wa kata jinsi ya kuviteketeza. Bando zilizoguswa na unga ziandike "D" mbele ya namba, D-T2/001, na kadhalika, na zisichanganywe kwenye sanduku moja na za tranka la kwanza.